Chini ya Jukwaa la Kushoto

Hollis Ridge, Alabama
12 Aprili 1948

Kwako Baba Mdogo Cager,

Usishtuke kuona mwandiko wangu kabla ya Krismasi. Hakuna aliyekufa. Mama yu mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Nilipomwambia nakuandikia, alisema, "Msalimie, na umuulize kama miguu ya akina Minter imechoka kukimbia." Unamjua. Tangu baba atoroke kifungoni akamwacha na mimi tumboni, hana neno zuri kwa mtu wa ukoo wenu. Hata mimi nikimkasirisha naitwa Minter.

Nina ombi. Sikukuu ya Uhuru ya Julai mwaka huu Kampuni ya makaa inaandaa mechi kubwa katika Uwanja wa Tarver. Timu yetu ya wachimbaji weusi itacheza besiboli na timu ya weusi wa kulipwa kutoka kaskazini, na kiingilio ni bure. Bi Hargrove wa ofisini anatunga kijitabu cha historia ya uwanja, akamuuliza Lucius kama kuna mzee yeyote "wa kwenu" anayekumbuka ulivyojengwa. Mume wangu akatoa kifua akasema baba mdogo wa mke wake ndiye aliyeshika nyundo. Ni kweli? Mimi nimekua nikisikia tu kwamba ulifanya kazi pale na ukaondoka mwaka uleule ulipofunguliwa. Niandikie chochote: mbao zilitoka wapi, nani alishinda mechi ya kwanza.

Tangu Lucius apewe kazi ya kutunza uwanja amekuwa kama mtu mwenye mtoto mchanga. Akiamka, nyasi, akila, nyasi. Sasa anagombana na sehemu moja kule kushoto, nyuma ya kituo cha tatu anachogusa mkimbiaji, mbele ya jukwaa letu weusi. Mvua hii isiyokatika inapabonyeza. Ameshamwaga matoroli kumi na moja ya udongo tangu Machi na bado pako chini.

Vernell wetu ana miaka kumi na mitano na ataimba na kwaya siku hiyo, safu ya mbele kabisa ya jukwaa. Njoo umsikie. Nitakukaangia kambare.

Mwanao,
Ozella Crayton


Cleveland, Ohio
19 Aprili 1948

Mwanangu Ozella,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nyingi.

Historia ya uwanja si ndefu. Mwaka 1908 wachimbaji waligoma, weusi na weupe pamoja, na Kampuni ikaapa jambo lile lisitokee tena. Meneja wa wakati ule alikuwa akisema mtu mwenye mpira Jumamosi hana nafasi ya mkutano. Basi mwisho wa 1910 wakaleta nyumbu ishirini kusawazisha ardhi. Mbao zilikuwa za msonobari, mbichi bado, ukipiga msumari zinakulilia utomvu usoni. Udongo mwekundu wa vituo tuliutoa kijitoni tukauchekecha kwa chekeche za mahindi. Jukwaa kubwa la Wazungu liliwekwa lipate kivuli mchana, na letu likawekwa kushoto, jua lote machoni. Mechi ya kwanza ilikuwa Mei 20, 1911. Tulishindwa saba kwa mbili. Mtu wetu mmoja aliupiga mpira ukaangukia kijitoni na watu wakavua viatu kuufuata. Ilikuwa siku nzuri, nisiseme uongo.

Mwambie Lucius aache kumwaga udongo pale. Asipitishe ile rola ya kushindilia. Aache tu.

Na Vernell, kwaya yao haiwezi kuimbia upande wa pili? Jua litamuumiza macho.

Katika kijitabu msiandike jina langu. Mimi ni mzee, sipendi jina langu likae kwenye karatasi za Kampuni.

Baba yako mdogo,
C. Minter


Hollis Ridge
1 Mei 1948

Baba Mdogo,

Kuhusu jina umechelewa. Lucius alishamtajia Bi Hargrove, na yeye akaliandika vizuri kabisa, mpaka na Cleveland. Kwani kuna nini? Mtu aliyejenga uwanja si anajivunia?

Bi Hargrove anasema pale zamani palikuwa shamba la mapichi. Nikaona ajabu, maana wewe hukutaja mpichi hata mmoja.

Ila sikuandikii kwa ajili ya mapichi. Juzi Lucius alichukua nondo ya futi nane apime pale panapobonyea. Akaisukuma kwa mkono mmoja, Baba Mdogo, kama unavyochomeka sindano kwenye keki. Ikaingia yote. Ikamponyoka. Anasema aliisikia ikigonga kitu, kisha kimya, kisha ikagonga tena, mbali. Alikuja nyumbani mchana ule, akakaa kwenye ngazi hajavua hata kofia. Lucius hajawahi kukosa kula mkate wangu wa mahindi tangu nimjue, na siku hiyo aliukosa.

Alipomweleza meneja, Bwana Strudwick, alichekwa. "Fuko, kijana. Una fuko kubwa." Mume wangu ana miaka arobaini na sita.

Uliandika aache kumwaga udongo kabla sijakuambia habari ya nondo. Ulijuaje?

Ozella


Cleveland
8 Mei 1948

Mwanangu,

Hapakuwa na mpichi hata mmoja. Palikuwa na mgodi.

Uliitwa Shimo la Tatu, na waliochimba humo walikuwa wafungwa, Kampuni ikiwakodi kutoka serikalini. Mdomo wake ulikuwa hapo hapo kushoto, upana wa nyumba ndogo, na chini futi mia mbili na kitu. Oktoba 1910 waliufunga, kisha wakaamua uwanja ujengwe juu yake. Mimi nilikuwa kibarua huru, na nilipewa watu wanane wa kulijaza lile shimo.

Hatukulijaza. Msimamizi alisema mawe ni kazi ya miezi mitatu na mbao ni kazi ya wiki moja. Futi thelathini chini ya mdomo tulipitisha magogo, juu yake mataruma, zile mbao nene zinazolaliwa na reli, juu yake majivu ya makaa, juu yake udongo. Nikatia saini karatasi inayosema limejazwa mawe mpaka chini. Saini yangu, kwa mkono wangu. Ndipo wakapima pa kuweka majukwaa. Upande mzuri ukawa wa Wazungu, na sisi tukawekwa juu ya mataruma.

Mbao zina miaka thelathini na minane ardhini. Kila mwaka mvua ikinyesha sana kusini, silali. Nanunua gazeti na kulitafuta jina la Hollis Ridge nikiomba nisilione.

Usikae katika jukwaa lile. Vernell asikanyage. Mwambieni meneja palikuwa na shimo, ila msiseme mmejua kwangu.

C.


Hollis Ridge
18 Mei 1948

Baba Mdogo,

Usiniandikie tena nyumbani. Andika kwa Bi Lottie Sykes, mshonaji, anwani nimeiweka chini. Bahasha yako ya mwisho ilifika imefunguliwa na kubandikwa tena, na waliobandika hawakuhangaika hata kuibandika vizuri.

Lucius alienda kwa Strudwick, akavua kofia, akasema amesikia wazee wakisema pale palikuwa na shimo la mgodi. Tulitegemea acheke tena. Hakucheka. Alinyanyuka akafunga mlango. "Nani kakwambia?" Lucius akasema watu tu. "Watu gani?" Akasema wamekufa. Strudwick akamwambia, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, "Hapakuwa na shimo. Palikuwa na mapichi."

Siku mbili baadaye wakaja watu wawili nyumbani, mchana kweupe, nikiwa naanika nguo. Mmoja akaishika shuka yangu, akaipangusia viatu. Akaniuliza yule baba yangu mdogo wa Cleveland anaendeleaje na afya. Nikasema hatuandikiani sana. Akasema, "Vizuri. Binti yako anarudi shule kwa njia ipi?" Wakaondoka.

Sasa Vernell simwachi. Namsindikiza kwenda na kurudi, ananuna, anasema wenzake wanamwita yai. Bora yai.

Nimefikiria sana. Mtu akiambiwa kuna shimo chini ya jukwaa lake, atakasirika kwa sababu ya gharama, au atakataa, au atacheka. Hawa wanaogopa. Wanatuogopa sisi! Shimo tupu haliogopwi hivyo. Kuna nini humo, Baba Mdogo? Umeniambia nusu. Mimi ndiye niliyeko hapa.

Ozella


Cleveland
25 Mei 1948

Ozella,

Kuna watu humo.

Oktoba 11, 1910, gesi ililipuka. Chini walikuwa wafungwa kumi na mmoja. Moshi ulitoka siku mbili. Meneja alisema kuwatoa kutamaliza watu wengine, na wafungwa wapo tele serikalini. Siku ya sita nikaitwa na wanane wangu. Kuna waliosema siku ya pili na ya tatu walisikia mabomba yakigongwa kutoka chini. Mimi sikusikia. Nilipofika pale juu ya mdomo kulikuwa kimya, lakini pia sikuinama kusikiliza. Niliogopa kusikia. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile.

Katika karatasi za serikali waliandikwa wametoroka. Wote kumi na mmoja, kwa siku tofauti tofauti ili ipendeze.

Mmoja wa vibarua wangu, Wiley Suggs, alikunywa akasema mambo haya dukani, Juni 1911. Wiki ileile alikutwa kijitoni. Mimi nilipanda treni kesho yake.

Nimekaa mbele ya karatasi hii tangu asubuhi, na sasa mwanga wa dirishani unaondoka. Ozella, mimi nilichukua kazi kwenye ile Kampuni ili niwe karibu na kaka yangu. Amos alikamatwa Agosti mwaka ule kwa kudandia treni ya mizigo, wakamwita mzururaji, wakampa miezi sita, wakamkodisha. Nilikuwa nikimpitishia yeye na wenzake mkate na viazi vitamu kupitia kwa mtu aliyeendesha nyumbu, na nikiwaona wakishushwa zamu. Alikuwa chini siku ile. Zamu yake.

Msimamizi alinivuta pembeni kabla sijashusha gogo la kwanza. Akasema, "Kaka yako katoroka, ndivyo karatasi inavyosema. Unataka kuwa na kaka mtoro, au unataka kumfuata?"

Nikashusha gogo.

Baba yako hakukukimbia. Hakukimbia hata hatua moja.

Cager


Cleveland
14 Juni 1948

Mwanangu Ozella,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Sijui kama Bi Lottie anakupa. Sijui kama uko hai. Nanunua gazeti asubuhi na jioni.

Jumatano nilikata tiketi. Nilitaka nije nisimame mbele ya Strudwick mwenyewe, mimi na miaka yangu sitini na sita, anifanye atakalo. Nilikaa vizuri mpaka Louisville. Pale, kusini inapoanzia, wakatuhamisha, weusi wote, tukaingia kwenye behewa la mbele, na mtu wa reli akaniambia, "Sogea, mzee, huku ndiko kwenu." Hakusema vibaya. Lakini sauti ilikuwa ile ile ya msimamizi. Miguu yangu ikashuka bila kuniuliza. Nimerudi Cleveland. Ndivyo nilivyo, sina la kujitetea.

Niandikie mstari mmoja tu, hata wa matusi.

C.


Hollis Ridge
18 Juni 1948

Bwana Cager Minter,

Niko hai. Barua nilipata zote. Nilikuwa sina mkono wa kukujibu.

Nimeenda nyumba kwa nyumba, mimi na Lottie, kuwaambia wanawake wasipeleke watoto jukwaani. Wengine wananiamini na wanaogopa kusema wananiamini. Wengine wanacheka. Shemasi Ebbs, ambaye pia ni mwalimu wa kwaya na analipwa na Kampuni, alinipigia kelele barazani kwake, "Ozella, miaka thelathini na saba tunaruka na kupiga miguu mle ndani, leo ndiyo limeota shimo?" Na mvua inaendelea. Lucius anasema pamebonyea sasa kama sahani ya supu.

Wanataka kujua nani kasema. Siwezi kuwaambia "mtu fulani wa kaskazini". Andika maelezo yako, yote, na jina lako lote na saini, nisome kanisani Jumapili ya tarehe 27. Kama saini yako ilitosha kulifunga lile shimo, basi itatosha kulifungua.

Mama hajui bado. Sijui namwambiaje.

Ozella


Cleveland
22 Juni 1948

Kwa waumini wa Kanisa la Mount Nebo, Hollis Ridge,

Mimi naitwa Cager Minter, mtoto wa Silas na Pearlie Minter, ambao wengine wenu mliwazika. Nilibatizwa katika kanisa lenu.

Jukwaa mnalokaa katika Uwanja wa Tarver liko juu ya Shimo la Tatu. Halikujazwa. Nililifunika kwa mataruma, Oktoba 1910, na nikasaini uongo. Chini yake wamo watu kumi na mmoja walioandikwa watoro. Mmoja ni kaka yangu Amos.

Sikusema kwa sababu niliogopa. Sasa hivi pia naogopa. Msikae pale. Sina faida yoyote kuwaambia haya. Nawaomba, msikae pale.

Cager Minter


Kwa Bi Lottie
9 Julai 1948

Baba Mdogo,

Naandika nikiwa huku kwa Lottie, sote tuko huku. Kaa chini usome.

Mama nilimwambia Jumamosi ya tarehe 26, tukimenya maharage. Nilisema yote mara moja maana nilijua nikipumua nitashindwa. Aliendelea kumenya mpaka beseni likaisha. Kisha akauliza, "Mwezi gani?" Nikasema Oktoba. Akasema, "Ulikuwa na miezi saba tumboni. Nilimtukana kila siku iliyobaki ya ile mimba, na kila siku ya maisha yako." Akanawa mikono. Kesho yake kanisani alikaa benchi la mbele, mahali ambapo hakai kamwe.

Mchungaji Pruitt alikataa kusoma. Alinirudishia karatasi kwa vidole viwili kama inaunguza. "Ozella, nina familia." Nikasema na mimi ninayo, iko pale chini. Nikasoma mwenyewe. Nilipomaliza hakuna aliyesema amina. Watu walitoka bila hata kusalimiana mlangoni.

Nikadhani nimeshindwa.

Jumatatu ya sikukuu walikuja maelfu, lakini jukwaani hawakuingia. Walisimama kwenye tuta la reli, nje ya uzio, na vikapu vyao vya kuku, wakijifanya wanapenda upepo wa kule. Jukwaa letu lote likawa tupu mbele ya Wazungu. Strudwick akatuma walinzi. Wakapita wakisema asiyekaa mahali pake leo, kesho asije zamu. Basi baadhi wakaingia, wakitazama chini. Shemasi Ebbs akaipandisha kwaya. Kama watu mia mbili kwa jumla. Vernell akanivuta mkono, "Mama, wenzangu wako kule." Nilimshika mpaka nikamwachia alama za vidole. Bado anazo.

Mchezo ulipofika mzunguko wa nne, Lucius alikuwa amesimama na reki yake karibu na kituo cha tatu. Anasema aliutazama mstari wa chokaa, akauona umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi aliuchora mwenyewe, umenyooka. Akatupa reki. Akaingia katikati ya uwanja mchezo ukiendelea, mrushaji ameshika mpira, akanyoosha mikono yote miwili juu.

Wazungu elfu mbili upande ule, na walinzi wenye bunduki pande zote. Nilijua namwona mume wangu kwa mara ya mwisho.

Akapiga kelele, "Tokeni jukwaani! Tokeni sasa hivi!" Hakuna aliyetikisika. Mtu mmoja jukwaani akasema, "Lucius, ondoka kwenye mechi, fuko wako hajaalikwa!" Wakacheka. Tolliver, anayelinda kituo cha tatu, ndiye aliyetazama miguuni pake. Akarudi nyuma hatua moja, kisha mbili, uso umembadilika, akatupa glavu akaanza kuita pamoja naye.

Walinzi wakamfikia Lucius. Wa kwanza alimpiga na kitako cha bunduki mbavuni. Wa pili alimpiga akiwa ameshaanguka.

Na hicho ndicho kilichowatoa. Si barua yako wala si maneno yangu, Baba Mdogo, nakuambia ukweli. Waliona anapigwa chini, na wale wachimbaji wakashuka jukwaani wote pamoja, kwa hasira, wanaruka safu mbili mbili, na kwaya ikakimbia kwa kuwaogopa walinzi, na Ebbs akaikimbilia kwaya yake. Walinzi wakarudi nyuma wakiinua bunduki. Strudwick alikuwa akipiga filimbi. Nikasema moyoni, sasa watatuua.

Nyuma yao jukwaa likapiga magoti.

Halikupasuka kwa kishindo. Safu ya mbele ilizama kwanza, polepole, kama ng'ombe anavyolala, miguu ya mbele kabla ya ya nyuma. Kisha nguzo zikavutwa ndani moja moja, kisha paa. Kisha nyasi za Lucius zikakunjika kama zulia, na kile kituo cha tatu kikaenda. Vumbi jekundu likafunika kila mtu. Lilipotulia palikuwa na shimo ambalo ungeweza kuingiza kanisa letu na mnara wake.

Ndipo upepo ukatoka humo. Baridi, Julai, saa nane mchana. Unanuka kama kiberiti na kama sanduku la zamani. Ulitupiga sote usoni, sisi na Wazungu. Nilisikia mtoto wa Kizungu kule juu akiuliza, "Nani kafungua mlango?"

Hakufa mtu. Mbavu tatu za Lucius zimevunjika. Walimlaza jela usiku mmoja kisha wakamwachia kwa sababu hawakujua waandike kosa gani.

Gazeti limesema ni mvua. Tangu Jumanne malori yanaleta mawe, safari hii ya kweli, wanajaza haraka haraka, wamezungushia turubai. Hawakuteremsha mtu kutazama. Strudwick anauliza kila mahali kama Cager Minter anakuja. Usije. Wala usifungue mlango kwa mtu usiyemjua.

Mama ana neno na wewe. Ataandika mwenyewe.

Mwanao,
Ozella


Kwa Bi Lottie
15 Julai 1948

Cager,

Anayeandika ni Vernell, maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha.

Krismasi ya 1910 ulikuja kwangu na gunia la unga. Ozella alikuwa na wiki mbili. Ulimpakata. Nikakuambia, huyo kaka yako akirudi nitamvunja miguu yote miwili. Ukacheka. Nimekaa karibu siku ishirini nikijaribu kukusamehe, na kila nikifika kwenye kile kicheko nasimama. Sijakusamehe. Niulize tena mwakani.

Kila siku Lottie ananipeleka uwanjani na kiti changu. Nakaa nje ya uzio, natazama malori. Mlinzi mmoja aliniambia, "Bibi, nenda nyumbani, hapa hapana kazi yako." Nikamwambia nafiwa, na kufiwa ni kazi. Jana alinisogezea kiti kivulini. Mawe yamekaribia juu. Hawatawatoa, hilo nimelielewa.

Ila nisikilize. Ulisema kumi na mmoja. Amos ni mmoja. Kwa hiyo kuna wanawake kumi mahali fulani, au watoto wao, ambao mpaka leo wanamtukana mtu aliyelala chini ya kituo cha tatu. Mimi nilimtukana miaka thelathini na minane na nisingependa mwingine aongeze hata siku moja.

Wewe uliwapitishia mkate. Uliwaona nyuso. Kaa mezani uandike majina. Usiyemkumbuka jina, andika alivyokuwa: kovu lake, alivyotembea, mji aliousema sana. Mimi na Ozella tutawatafuta watu wao.

Najua utaogopa. Mimi pia naogopa, gari likipita hapa nje tunazima redio sote na kungoja. Andika hivyo hivyo huku unaogopa.

Idella,
mjane wa Amos Minter